Kidole cha Nne

Ukuta uliotenganisha darasa langu la tano na darasa la sita la Maître Adrien Katongo haukufika kwenye mabati. Aliyeujenga aliishiwa matofali, akasema anakwenda kutafuta mengine, na mpaka leo tunamsubiri. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilifundisha Kifaransa huku nikisikiliza hesabu za jirani, nipende nisipende. Nikipandisha sauti, naye anapandisha yake. Watoto wangu wanacheka, wake wanacheka, na mimi nagonga ukuta kwa rula.

Wengine pale shuleni, kando ya barabara ya Kasenga, watakuambia kwamba Adrien ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti lililojaa chaki mfuko wa kushoto. Watakuambia babu yake aliletwa huku kutoka Kongolo na kazi ya reli, na kwamba hakosi misa ya kwanza. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi nimemjua mtu huyo kwa masikio, na mtu ukimsikiliza kila siku bila kumwona unamjua kuliko anavyotaka. Ndiyo maana nimeamua kusimulia mimi, Madame Jeanne, kabla wengine hawajaiharibu hadithi.

"Bic chini!"

Kila hesabu ya maneno ilianza hivyo. Kalamu zote zinawekwa mezani, mikono inapanda juu, vidole vinakunjuliwa. Watoto wa darasa la sita huwa na ugonjwa mmoja: wakiona namba mbili, wanazijumlisha kwanza, halafu ndipo wanauliza zilikuwa za nini. Adrien aliamua kuutibu ugonjwa huo kwa mkono mmoja. Kidole gumba ni kusoma, bila kushika kalamu. Kidole cha pili ni kumweleza nkambo: mtoto anasimama na kuisimulia hesabu ile kwa Kiswahili cha nyumbani, kana kwamba anamweleza bibi yake asiyejua neno la Kifaransa, tena bila kutaja namba hata moja. Kidole cha tatu ni kuuliza tunatafuta nini. Cha nne ni kuchora. Kidole kidogo, cha mwisho kabisa, ndicho cha kupiga hesabu.

"Munaona?" alikuwa akiwaambia. "Calcul njo kale kadogo. Hakawezi kupita bakubwa."

Halafu mkono unafungwa, inakuwa ngumi, na darasa zima linauliza kwa sauti: "Jibu inawezekana?" Hapo ndipo walipoamua kama jibu lina akili au ni upuuzi.

Nilivijua vidole vyote kwa sauti zake. Gumba lilikuwa mnong'ono wa midomo. Cha pili kilikuwa vicheko, maana kila mtoto ana nkambo wake. Cha tatu kilikuwa ubishi. Cha nne kilikuwa kimya. Kimya kabisa, chaki tu ikigonga ubao, tuk, tuk, kwa muda mrefu. Nilikipenda kidole cha nne kuliko vyote, kwa sababu ndipo na mimi nilipopata nafasi ya kufundisha kwa amani.

Vidole hivyo havikubaki darasani. Kwenye kilio cha jirani yetu mmoja, ndugu wa marehemu walianza kugombana kuhusu nani aende kutafuta jeneza, na Adrien akainua gumba bila kujijua. Wanafunzi wake wa zamani waliokuwa pale, watu wazima wenye ndevu, wakajibu kwa pamoja: "Bic chini!" Mpaka mjane akacheka. Nilimtania kwa jambo hilo mwaka mzima.

Na ngumi nayo ilikuwa na vituko vyake. Siku moja aliwapa hesabu ya lori linalotoka Lubumbashi saa mbili asubuhi, likienda kilomita arobaini na tano kwa saa, mpaka Kasumbalesa, mji wa mpakani, kilomita tisini. Litafika saa ngapi? Wakapita vidole vyote, wakapata saa nne. Wakafunga ngumi.

"Jibu inawezekana?"

"Haiwezekane!" Ilikuwa sauti ya Sephora, binti wa dereva wa malori. "Maître, camion ya papa iko mu file tangu juma ingine. Barrière haifunguke. Saa ine, ni saa ine ya nani?"

Darasa likaangua kicheko, na langu pia. Nilimsikia Adrien akingoja watulie.

"Sephora, mu problème barrière iko wazi," akasema. "Mu problème tu."

Alilisema polepole mno, na mimi upande wa pili nilijua hakuwa akimfikiria baba yake Sephora. Adrien mwenyewe alikuwa kwenye foleni yake, na foleni hiyo ilikuwa haisogei.

Mkewe, Nkandu, alikuwa Kasomeno, mbali huko kwenye barabara ileile ya Kasenga. Alikwenda kumtunza mama yake aliyepooza, akaanza kuuza samaki wa Kasenga pale kituoni, biashara ikashika, mama naye akawa haponi wala hafi. Wakakubaliana Adrien amfuate. Shule ya Kasomeno ilikuwa inamtaka, ilikuwa hata imemwekea darasa. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya mkurugenzi wetu, Monsieur Stanislas. Mtu wa nje atauliza: si aende tu? Haendi tu. Mwalimu akiondoka bila sahihi, jina lake linatoka kwenye mishahara ya serikali, na anaanza upya kama mtoto aliyetoka shule jana, anafundisha bure akingoja kusajiliwa. Wapo waliozeeka wakingoja.

Na Monsieur Stanislas hakusaini. Alikuwa mtu mwenye adabu, sitamsingizia. Kila mwaka alimkalisha Adrien kitini, akamwambia subiri mtihani wa taifa upite. Mtihani ukipita, watoto wa Adrien wamefaulu kuliko wa shule zote za jirani, na wazazi wanapanga mstari kuandikisha wadogo zao. Nani atamwachia mwalimu wa namna hiyo? Mwishowe akampa sharti: "Unipatie mutu mwenye anaweza kushika ya sita kama weye. Siku hiyo nitasaini, hata kama tuko mu misa."

Adrien akaanza kutafuta. Walimu vijana walijifunza vidole vizuri, lakini mkaguzi akionekana tu getini, wanaficha kidole cha pili, wanaona aibu kusikika wakiongea Kiswahili, na bila nkambo mkono mzima unaanguka. Mmoja baada ya mwingine wakaomba kurudi madarasa ya chini.

Akaniomba na mimi. Nilikataa, na nitaeleza kwa nini, maana sioni haya. Darasa la sita pale kwetu lilikuwa nyumba yenye mlango wa kuingilia tu. Aliyekuwa kabla ya Adrien alitolewa humo na presha. Darasa la tano halitazamwi na mtu, hakuna mtihani wa taifa, hakuna wazazi mlangoni, na saa sita na nusu nipo nyumbani kwangu nasonga bukari. Nilimwambia: "Maître, nakupenda kama ndugu, lakini mule siingie." Akaitikia kwa kichwa. Hakuniomba tena, na hilo liliniudhi kuliko kama angenisumbua.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano Nkandu alikuja mwenyewe. Tulikuwa kwenye mapumziko. Alisimama katikati ya uwanja na vitenge vyake viwili, vumbi la safari bado kwenye nyusi, akakataa kiti nilichompa.

"Madame Jeanne, aksanti, sikae. Nitasema kintu kimoja, narudia na camion iko inangoya." Akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amemsimulia kisa cha lori. "Papa Sephora bado iko Kasumbalesa?"

"Alisha toka," Adrien akasema.

"Unaona? Hata ya Kasumbalesa inatokaka." Hakupandisha sauti. "Adrien, masomo ikianza mu septembre, na weye hauko kule, usikuye tena. Haiko kisirani. Ni kusema nitakuwa nilisha kuzoea. Minaanza kuzoea sasa hivi, na inaniogopesha."

Akanishika mkono, akamshika na yeye, akaondoka. Adrien alibaki amesimama palepale mpaka kengele ilipolia, watoto wakimpitia kushoto na kulia.

Siku chache baadaye alikuja kwenye mlango wangu wakati watoto wametoka. Chaki ilikuwa imemkaukia midomoni.

"Nilipata njia," akasema. "Iko moya tu. Batoto baanguke."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza. Mtihani wa majaribio ulikuwa unakaribia. Darasa lake likianguka vibaya, wazazi watapiga kelele, Monsieur Stanislas hatakuwa tena na sababu ya kumfunga pale, atasaini kwa hasira. Kwa hiyo ataacha vidole. Atawafundisha ile njia ya zamani ya kutafuta neno moja na kurukia hesabu, njia iliyotufundisha sisi sote ujinga. Wataanguka majaribio tu. Baadaye, kabla ya mtihani wenyewe, atawainua tena.

"Utaweza?" nikamuuliza.

"Nitajaribu."

Nilipaswa kumkemea. Sikumkemea. Nilikuwa nimemwona Nkandu akitembea kwenda barabarani bila kugeuka, na moyo wangu ulikuwa umechoka kwa ajili yao. Nilisema tu, "Mungu akusaidie," halafu nikajiuliza nimemwomba Mungu amsaidie kufanya nini.

Asubuhi iliyofuata nilitega masikio kama mbea. Adrien aliandika hesabu ubaoni, akaisoma mwenyewe kwa Kifaransa, haraka haraka. Mama mmoja ameuza samaki wanane sokoni, amebaki na samaki kumi na wawili. Alikuja na samaki wangapi?

Nilingoja "Bic chini." Haikuja.

"Mushike Bic," Adrien akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo. "Sasa, iko njia ya mbio. Mukiona neno 'amebaki', munatoa. Kumi na mbili, toa munane. Inabaki ngapi?"

Kimya. Si kile kimya cha kidole cha nne. Hiki kilikuwa kimya cha watoto wanaotazamana.

"Inabaki ine," mmoja akajibu kwa woga.

"Ni ine. Muandike."

Hakuna kalamu iliyoandika. Ningeisikia. Halafu benchi likasukumwa, mtu akasimama, na nikajua ni nani kabla hajafungua mdomo.

"Maître," Sephora akasema, "umesahau nkambo."

"Leo hatufanye nkambo. Ikaa."

"Lakini, Maître, kama alikuja na samaki ine, aliuzisha munane ya nani?"

"Sephora, ikaa."

"Haiwezekane, Maître!" Alikuwa karibu kulia, mtoto yule, si kwa ubishi bali kwa hofu, kama mtu anayemwona baba yake amevaa viatu kinyume. "Ulisema mwenyewe! Bic chini kwanza!"

Na hapo darasa langu, darasa langu mimi, watoto arobaini na kitu waliokuwa wameinamia vitenzi vya Kifaransa, wakaweka kalamu mezani zote kwa mara moja, wakainua mikono yao juu, wakapiga kelele mpaka mabati yakatetemeka:

"Elezea nkambo!"

Upande wa pili wakajibu: "Tunatafuta nini?"

"Alikuja na samaki ngapi!" walijibu wangu, ambao hata hawakuuona ubao. Na mmoja akamalizia: "Makumi mbili, Maître! Alikuja na makumi mbili!"

Nilisimama na rula mkononi, sijui nimpige nani. Kumbe miaka yote hiyo nilipodhani nawafundisha vitenzi, walikuwa wanasoma kwa jirani. Nilitoka nje mbio ili nione kama kuna mtu amesikia, na bila shaka alikuwepo. Monsieur Stanislas alikuwa amesimama barazani kati ya milango yetu miwili, funguo zake mkononi. Adrien naye alikuwa ametoka. Uso wake ulikuwa umevuliwa kila kitu. Watoto wake walikuwa wamemfungia mlango wa mwisho, tena kwa upendo.

"Madame Jeanne," mkurugenzi akasema polepole. "Batoto ya tano banajua njia ya Maître Adrien?"

"Banajua, mon directeur."

"Ni weye njo ulibafundisha?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Ningesema hapana, wamesikia kupitia ukuta, ule ukuta ambao wewe mwenyewe umekataa kuumalizia. Tungecheka. Ningerudi kwenye vitenzi vyangu na kwenye bukari yangu ya saa sita na nusu. Adrien alikuwa ananitazama, na hakuwa ananiomba chochote. Hakuwa na tumaini la kutosha kuomba. Nikaona kwamba kama angeniomba, hata kwa jicho tu, ningekataa tena.

"Ndiyo, mon directeur," nikasema. "Ni miye."

Monsieur Stanislas alitugeukia mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa neno lake. "Basi mutu iko," akasema, akaenda zake kufungua ofisi.

Adrien alishika nguzo ya baraza. "Madame Jeanne, ulisema uongo."

"Nyamaza," nikamwambia. Nilikuwa na hasira ya kweli, nilitamani kumpiga kwa rula. "Rudia mu classe, ubafundishe vizuri, bapite. Kisha ubebe vintu vyako."

Aliwafundisha vizuri. Wakapita, isipokuwa Kiki, binti mmoja mdogo aliyelazwa na malaria siku za mtihani. Sahihi ikatoka. Katika wiki zile za mwisho Adrien alikuja mlangoni kwangu mara nyingi akitaka kunionyesha kazi, kidole kwa kidole, na kila mara nilimfukuza. Nilimwambia nimeisikia mpaka naiota, anataka kunifundisha nini? Nilikuwa nimejitoa, lakini sikutaka tena kufanywa mwanafunzi. Aliondoka juu ya lori la magunia ya unga, akiwa amefunga kitambaa usoni. Alipunga mkono wenye vidole vitano vilivyokunjuliwa. Sikumpungia. Nilikuwa nimebeba funguo za darasa la sita.

Septemba ikafika. Nkandu alituma salamu kwa dereva, pamoja na samaki wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na neno moja tu: alifika. Nilifurahi, na usiniulize kama nililia.

Wazazi walikuwa mlangoni kwangu tangu siku ya kwanza. Wakaniuliza kama watoto wao watafaulu kama zamani. Monsieur Stanislas akapita barazani, akapita tena. Nikafunga mlango, nikaandika hesabu, nikageuka.

"Bic chini!"

Kalamu zikashuka. Walikuwa watoto wangu wa mwaka jana, walizijua hatua kuliko mimi. Gumba likapita. Nkambo akapita kwa vicheko. Tunatafuta nini, wakabishana, wakakubaliana. Nikainua kidole cha nne, nikasema, "Tuchore," nikachukua chaki, nikaugeukia ubao.

Na nikagundua kwamba sijui kinachochorwa. Sijawahi kukiona. Nilichokijua kuhusu kidole cha nne kilikuwa sauti ya chaki na kimya, basi. Ni mviringo? Ni mistari? Anachora samaki kweli? Mkono wangu ulisimama hewani. Nyuma yangu watoto wakangoja, na barazani nilisikia funguo za mkurugenzi zikikaribia. Nilimfikiria yule mwalimu wa kale na presha yake.

"Madame." Alikuwa Kiki, aliyekuwa anarudia darasa, pale benchi la mbele. Peke yake ndiye aliyewahi kuona. "Maître Adrien hakukuwa anachora."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anatupatia chaki. Siye njo tulikuwa tunachora. Ye alikuwa anaenda pa dirisha, anatupatia mugongo."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka tunamwita."

Nikampa Kiki chaki. Wengine wakainuka kumfuata, na mimi nikaenda dirishani. Kutoka pale unaona juu ya uzio, mpaka barabara ya Kasenga. Lori lilikuwa linapita, watu wamekaa juu ya magunia, vitambaa usoni. Mimi sijawahi kutamani kwenda Kasomeno maishani mwangu. Nyuma yangu chaki ikaanza, tuk, tuk, na ng'ambo ya ukuta Chancelvie, mwalimu mpya wa darasa la tano, akashusha sauti na kuanza kufundisha kwa amani.

"Madame," Kiki akaita. "Tulisha maliza."

Nilingoja kidogo kabla ya kugeuka.